Kikohozi cha Afande

Afande hakuwahi kumpiga mbwa bila kumwarifu kwanza. Alikohoa. Si kikohozi cha mgonjwa, la. Kilikuwa kikavu, kifupi, cha mtu anayejiandaa kusema neno mbele ya wakubwa, na mwisho wake koo likakwaruza kidogo. Kisha mkono ulikwenda ukutani, kwenye msumari uliobeba mkanda wa ngozi, na mbwa aliyekosea alijua yaliyobaki. Alipiga ubavuni na pajani. Puani hakupiga kamwe. Mbwa wa ulinzi anakula kwa pua yake, alisema, nami simnyang'anyi yeyote tonge lake.

"Kwani ubavu wenyewe hauumi?" binti yake alimuuliza siku moja, angali msichana wa shule.

Afande akakohoa. Binti akanyamaza.

Binti huyo alikuwa mwembamba na ulimi wake ulichoma, ndiyo maana baba yake akamwita Sindano, na jina likamganda hadi ukubwani. Afande mwenyewe hakuwa askari hata siku moja ya maisha yake. Cheo alipewa na wateja, kwa jinsi alivyotembea kifua mbele, na kwa jinsi mbwa wake walivyomtii. Na walimtii kweli. Uwanja wa mafunzo ulikuwa nyuma ya nyumba: sakafu ya saruji, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, mabanda yenye milango ya waya kwa mstari, pipa la maji, na chumba kimoja chenye meza na kiti walichokiita ofisi ili wateja wasiwacheke. Msumari ulikuwa kati ya mlango wa ofisi na banda la kwanza. Baada ya mbwa kuiva, mkanda haukuwa na kazi tena. Kikohozi kilitosha. Uwanja mzima ulilala chini kwa pamoja, videvu kwenye saruji, masikio nyuma, kimya.

"Mkanda wangu umestaafu," Afande aliwaambia wageni. "Upo msumarini unakula pensheni."

Wageni walicheka. Mbwa hawakutikisika.

Kisha kifua cha Afande kikaanza kuharibika. Sasa alikohoa bila kupenda, akinywa chai, akifunga viatu, akicheka. Na kila alipokohoa, mbwa walilala. Kutwa nzima walikuwa wakilala na kuinuka, wakilala na kuinuka, mpaka magoti yao ya mbele yakatoka sugu. Yeye aliona fahari. Alidhani ni heshima inazidi.

Siku aliyoanguka, Sindano alikuwa ameenda buchani kuchukua mabaki ya nyama. Mama alikuwa ndani anapiga pasi, redio imewashwa. Ilikuwa mchana mweupe, saa ya mazoezi, milango yote ya mabanda iko wazi. Sindano aliporudi alisukuma geti akamkuta baba yake katikati ya uwanja, mkono mmoja umeshika shati kifuani, na mbwa wote wamelala wakimzunguka, wamemwelekezea pua, hakuna aliyetoa hata mguno. Shangazi alikuwamo. Shangazi, jike la manjano lililoitwa hivyo kwa umbea wake, aliyembwekea kila kipepeo na kila kivuli, hata chake mwenyewe. Hata yeye alikuwa bubu.

Daktari alisema kifua kilimbana taratibu. Angesikiwa mapema, huenda angewahiwa.

"Nilikuwa nyuma ya ukuta huu hapa," Mama aliwaambia waliokuja kumpa pole, na hakuacha kuurudia. "Nilisikia mbwa wako kimya. Mbwa wakiwa kimya mimi najua mambo shwari."

Hapo ndipo Sindano alipofungua mdomo, katikati ya msiba, mbele ya watu wazima na heshima zao. "Si kifua kilichomuua. Ni mkanda wake. Aliwafundisha wasipige kelele anapokohoa, nao walifaulu mtihani."

Kikombe cha Baba mdogo kilimponyoka.

Baba mdogo alikuwa mdogo wake Afande, ndugu wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyewapeleka mbwa kwenye malindo na kuwarudisha. Mkanda ule ulikuwa wa baba yao. Ulianzia kwa watoto kabla haujafika kwa mbwa.

"Mkanda ule umenilea mimi na marehemu kaka," alimwambia Sindano watu walipotawanyika, sauti ikimtetemeka kwa hasira. "Umeona umetuua?"

"Mmoja wenu, ndiyo."

"We mtoto! Ulimi huo utakuponza."

Pengine yangeishia hapo, kila mtu na donge lake, lakini mwenye ghala akaja. Alikuwa mteja mkubwa kuliko wote, na alikuja na mbwa wawili nyuma ya gari, Shangazi na Hakimu, dume zee la kijivu lenye uso wa kutoa hukumu.

"Mama, pole na msiba, lakini mbwa wenu wanalala kazini," alisema akijifuta jasho. "Mlinzi wangu kapata mafua. Kila akikohoa, wao chini. Wezi wamebeba magunia, mbwa wanawatazama kama wageni waalikwa. Mlinzi amepiga kelele mwenyewe mpaka sauti imekauka, ndio kwanza anakohoa zaidi!"

Baba mdogo alitaka kucheka, akajizuia.

"Nitarudi mwisho wa mwezi," mwenye ghala alisema. "Nikiwakuta wamenyooka, tutaendelea. Wasiponyooka, nitatafuta kwingine, na mnajua wenzangu huwa wananifuata."

Wakakaa watatu mezani. Baba mdogo alisema apewe mbwa, naye atawanyoosha kwa mkanda mpaka wajue upi ni mlio wa bwana na upi ni mlio wa mafua. Sindano alisema mkanda ndio uliowapinda. Aliyetaka kunyoosha chuma kwa nyundo ile ile iliyokipinda, basi na aendelee, lakini si kwa mbwa wake.

"Utawafundisha kwa nini, kwa mahubiri?" aliuliza Baba mdogo.

"Kwa maini."

"Maini! Mwizi naye hana maini? Mbwa wa maini atauzwa kwa maini, mwanangu. Mbwa asiyemwogopa bwana wake hamwogopi mtu."

"Mbwa hatakiwi kuogopa, Baba mdogo. Anatakiwa kubweka."

 Mwishowe Mama akakata shauri: Sindano aanze yeye. Mwenye ghala akija akaridhika, uwanja ni wa Sindano. Asiporidhika, Baba mdogo anaingia na mkanda, na Sindano hatatia neno tena. "Na mkanda usiguswe," Mama aliongeza. "Ukae hapo hapo. Ni wa marehemu."

Kwa hiyo mkanda ulibaki msumarini, na Sindano akafanya kazi chini yake.

Alichemsha maini, akayakausha juani, akayakata vipande vidogo na kuvitia kwenye mfuko wa kitambaa kiunoni. Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Mbwa walijifunza kuja wakiitwa na kukaa wakiambiwa, na Karani, dume dogo jeusi lenye woga, alianza kutikisa mkia kwa aibu kama mtu anayejaribu nguo mpya. Sindano aliwafundisha kukataa chakula cha mkono wa mgeni: aliyegeuza kichwa alipata kipande kikubwa zaidi kwake yeye. Walielewa haraka. Mbwa si wajinga, wanajua palipo na faida.

Lakini mchana, jua likisimama na majirani wakijifungia ndani, uwanja uligeuka.

Mara ya kwanza alikuwa anamfundisha Karani kubweka kwa amri. Karani alikuwa mzito, anafungua mdomo na kuufunga, na Sindano alianza kupoteza subira. Alivuta pumzi amwambie tena. Ghafla Karani akalala. Kidevu chini, masikio nyuma. Sindano akainua macho. Wote walikuwa wamelala, kila aliye nje na kila aliye bandani, kama vile kamba moja imekatwa. Na wote walikuwa wanamtazama.

La. Hawakumtazama yeye. Macho yao yalikuwa juu kidogo, begani kwake, nyuma kidogo ya sikio lake, mahali ambapo uso wa mtu mrefu zaidi ungekuwa.

Aligeuka. Ukuta. Msumari. Mkanda. Hapakuwa na upepo wa kutikisa hata unyoya, lakini ncha ya mkanda ilikuwa inacheza, taratibu, kama kitu ambacho mkono umetoka kukiachia.

"Nani?" aliuliza, na papo hapo akajiona mjinga.

Alikwenda upande wa pili wa uwanja. Macho ya mbwa yalimfuata, yakiwa bado yamesimama pale juu ya bega lake. Alitembea kando ya ukuta, yakatembea. Chochote kilichokuwa nyuma yake, kilikuwa kinatembea naye.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Daima jambo lilipokuwa gumu, mbwa alipokosea mara ya pili na ya tatu, uwanja ulilala. Sindano alichungulia kwa jirani, seremala, akidhani huenda kuna mashine inayokohoa kule. Seremala alimwonyesha msumeno wake wa mkono. "Mashine yangu ni hili bega, dada. Nayo ikikohoa, ujue nimekufa." Alicheka, Sindano hakucheka. Aliporudi aliunusa mkanda. Ulinuka mafuta ya ngozi, mabichi. Aliugusa kwa ncha ya kidole. Ulikuwa laini, unateleza, kama ulivyokuwa enzi za mwenyewe, ambaye aliupaka mafuta kila wiki kama mtu anavyompaka mtoto wake.

 Aliondoka pale kinyumenyume.

Baba mdogo alikuja kuangalia maendeleo, maana hakuweza kukaa mbali. Akasimama getini, mikono mfukoni, akitafuna kijiti. Alimwona Hakimu akikataa nyama aliyomrushia, akatikisa kichwa kwa kukubali shingo upande. Kisha Karani akakosea, akakosea tena, na uwanja ukalala.

Kijiti kilimdondoka Baba mdogo mdomoni. Aliyafuata macho ya mbwa hadi yanapoishia, begani kwa Sindano, akarudi nyuma hatua moja.

"Wanamwona," alinong'ona.

"Baba mdogo, tafadhali."

"Wanamwona kaka! Mimi nimefanya kazi na mbwa hawa maisha yangu yote, usinifundishe wanavyotazama. Kasimama hapo nyuma yako." Hakuwa anatania, na hakuwa na hasira tena, jambo lililomtisha Sindano kuliko maneno yenyewe. "Hajaridhika. Ulimtukana siku ya msiba wake, mwanangu, baba yako mzazi. Radhi ya baba si ya kuchezea. Simama mbele ya mkanda wake, omba radhi, yaishe. Atakwenda zake na mbwa watatulia, na uwanja utakuwa wako, mimi sitaki hata banda moja. Neno moja tu."

"Na nisiposema?"

"Basi utafundisha mbwa pamoja naye. Na unamjua kaka. Hakubali kushindwa kwenye uwanja wake."

Sindano alimgeukia Karani. Lakini neno lile lilimwingia kama mwiba, na kadiri mwisho wa mwezi ulivyokaribia ndivyo lilivyozidi kuzama. Aliacha kukaa ofisini akiupa mlango kisogo. Akiwa anakata maini alihisi uzito begani, si mkono, ila mahali pa mkono. Mbwa wakaanza kulala hata asubuhi. Karani, aliyekuwa ameanza kutikisa mkia, sasa alijikojolea kila Sindano alipomkaribia. Hilo ndilo lililomkata maini, si hofu yake mwenyewe bali ya Karani. Kama neno moja lingemwondolea mbwa yule hofu, yeye ni nani hata alibanie?

Basi mchana mmoja akapiga moyo konde. Aliwatoa mbwa wote wakae nyuma yake. Akasimama mbele ya msumari, miguu pamoja, mikono nyuma, kama alivyosimama utotoni akisubiri kuulizwa nani kavunja sahani. Aliutazama mkanda. Akajiandaa kusema.

Nyuma yake alisikia miili ikishuka kwenye saruji, wote kwa pamoja, mshindo mmoja laini.

Alikuwa hajasema hata neno. Hakugeuka. Alikimbia.

Mama hakuwa jikoni wala sebuleni. Sindano alizunguka nyumba akihema, akajikaza, akarudi uwanjani kwa mlango wa ofisi. Mama alikuwa pale, amekaa kwenye kiti cha Afande. Alikuwa ameutoa mkanda msumarini, ameulaza mapajani, na anaupaka mafuta kwa kitambaa, polepole, tundu moja baada ya jingine.

"Ni wewe!" Sindano alisema.  "Mama, ni wewe unayeupaka mafuta!"

"Ni nani mwingine? Nimeupaka miaka yote. Ulidhani baba yako alikuwa anajua hata chupa ya mafuta inakaa wapi?" Mama hakuinua macho. "Mkono umezoea. Ikifika siku yake, najikuta nimeushika. Naupaka, naurudisha, unabembea kidogo, naenda zangu. Wewe umesimama na mbwa, hunioni."

"Baba mdogo anasema mbwa wanamwona Baba."

"Shemeji yangu muoga tangu zamani." Sasa Mama alimtazama. Alimtazama kwa namna ambayo mtu humtazama mgonjwa kabla ya kumtajia ugonjwa. "Mbwa hawamwoni mtu, mwanangu. Wanakusikia wewe."

"Wananisikia nini?"

"Unakohoa."

Sindano alicheka. Kicheko kilitoka kibaya. "Mimi sina kikohozi."

"Unacho. Mbwa akikosea mara moja, kimya. Akikosea tena, unavuta pumzi, unakohoa. Kikavu, kifupi, koo linakwaruza. Mara ya kwanza nilikuwa napiga pasi, nikaiacha pasi juu ya nguo. Nilijua amerudi. Nikachungulia, nikakuona wewe, umesimama kifua mbele." Mama akakunja kitambaa. "Nilitaka kukwambia. Lakini nilipenda kukisikia. Nisamehe, mama. Nyumba imekuwa kimya mno."

Sindano alisimama mlangoni. Nje, mbwa walikuwa bado wamelala wakimtazama juu kidogo ya bega. Sasa alielewa. Walikuwa wanausubiri mkono wake wa kulia ufike pale juu, ukiwa na mkanda. Walikuwa wanapima jinsi utakavyoinuka, na wapi utakapofika ukiinuka.

Siku ile hakufundisha mbwa. Alikaa chini kwenye saruji, mgongo ukutani, akajaribu kujisikiliza.

Kesho yake aliujaza mfuko wa maini mpaka ukafura. Akawaita mbwa, akasimama katikati, akakohoa kwa makusudi. Ilimbidi akitafute kile kikohozi ndani yake, naye hakutafuta sana. Kilikuwa pale pale mlangoni, kimevaa viatu. Kilipotoka, mabega yake mwenyewe yalijikunja. Alikuwa mtu mzima, amesimama peke yake uwanjani, na mwili wake ulikuwa unasubiri mkanda kutoka kwenye koo lake mwenyewe.

Mbwa wakalala. Akamwekea kila mmoja kipande cha ini mbele ya pua. Hakuna aliyekula.

Akakohoa tena. Ini tena. Nzi walikuja wakala wao. Aliendelea asubuhi ile, na iliyofuata. Naye kila alipokohoa alijitia pipi mdomoni, kwa kuwa naye alikuwa wa kufundishwa. Shangazi ndiye aliyevunja mwiko: umbea ulimshinda. Kichwa hakikuinuka, lakini ulimi ulitoka pembeni kama mwizi, ukachukua kipande, ukarudi. Kesho yake masikio yalisimama. Hakimu alifuata, baada ya kulifikiria jambo kwa upana wake. Karani alikuja wa mwisho, akitambaa kwa tumbo, akala kiganjani kwa Sindano huku akitetemeka mwili mzima, na kikohozi kilichofuata kikamkuta amekaa. Amekaa, si amelala. Sindano alilia kidogo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Mwenye ghala alikuja alivyoahidi, mchana, na leso yake. Mama alitoa chai. Baba mdogo aliketi kando ya geti, mbali na ukuta wenye msumari.

Mambo yalikwenda kama maji. Mwenye ghala alirusha mnofu, mbwa wakageuza vichwa kama watu waliotukanwa. Aliufunga uso wake kwa leso akajifanya anaruka ukuta, jambo lililochekesha kwa tumbo lile, na Hakimu akambwekea kwa sauti iliyomfanya arudi chini haraka kuliko alivyopanda. Kisha akasimama katikati, akanyoosha kidole juu. "Sasa mtihani wenyewe." Akakohoa kama mlinzi wake, kikohozi kirefu cha mafua chenye mbwembwe zake.

Masikio yalisimama. Mbwa wakamtazama Sindano, mikia ikigonga saruji. Alisema, "Kazi," na wakaendelea na lindo.

"Ajabu!" mwenye ghala alisema. "Umewafanya nini?"

"Nimewalipa."

"Nitatuma gari kesho liwachukue." Akampa mkono, akampa Mama mkono, akaondoka akijifuta jasho.

Geti lilifungwa. Baba mdogo aliinua kikombe chake cha chai. Ni muungwana, hilo asinyimwe. "Umeshinda, mwanangu," alisema. "Uwanja ni wako. Sikudhani." Akanywa.

Hapo ndipo waliposikia kikohozi.

Kilikuwa kikavu, kifupi. Mwisho wake koo likakwaruza kidogo.

Baba mdogo alikuwa na chai mdomoni, hajaimeza. Mama alikuwa ameziba kinywa kwa kiganja, macho yamemtoka. Sindano alikuwa na pipi chini ya ulimi, midomo imefungwa, na safari hii alijua, alijua kabisa, maana kwa wiki nzima alikuwa amejisikiliza kila pumzi.

Mbwa waliinuka. Hawakumtazama Sindano. Walikwenda wote kwa pamoja hadi kwenye ukuta wa msumari, bila haraka, mikia chini kidogo lakini inatikisika, wakaketi kwa mstari. Wakainua nyuso. Macho yao yote yaliishia mahali pamoja, mbele ya mkanda, kwenye kimo cha uso wa mtu mrefu. Walikuwa wanasubiri. Walikuwa wamefundishwa kwamba anayekohoa namna ile hutoa.

Shangazi aliinua mguu mmoja wa mbele, kama anavyofanya akiomba. Akauweka chini. Akauinua tena. Hakimu alinyoosha shingo, akalamba hewa mara moja, chini kidogo ya kiuno, pale ambapo mkono wa mtu huning'inia ukiwa hauna kitu. Na mkanda, ambao hakuna mtu aliyeugusa siku ile, ulianza kubembea.

Kikombe cha Baba mdogo kilimponyoka tena. "Omba radhi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Yuko hapa. Kaka yuko hapa, kaja kuichukua radhi yake. Mwanangu, nakusihi, neno moja tu aende zake."

"Sindano," Mama alisema. 

Sindano alihisi mabega yakianza kujikunja, na kile kimya cha zamani kikimpanda kooni. Aliitafuna pipi ikavunjika, akaimeza. Kisha akatembea katikati ya mbwa, akaufungua mfuko wa maini kiunoni, akautundika juu ya msumari, juu ya mkanda, karibu kabisa na kile ambacho mbwa walikuwa wanakitazama. Hewa pale ilikuwa baridi, na ilinuka mafuta ya ngozi.

"Umekuja mikono mitupu, Baba, na wao wanakusubiri," alisema. Hakukohoa kwanza. "Maini hayo hapo. Ukitaka kuwapa, wape. Lakini nilichosema msibani ni kweli na nakirudia mbele yako. Siombi radhi."